Bunduki ya Babu Isomeni Kabla ya Kuisugua

Ndugu wasikilizaji, na ninyi wasomaji mnaoyapata mazungumzo haya gazetini, juma hili nataka tuzungumze habari za chuma kikuukuu. Si cherehani wala baiskeli. Ni bunduki ya babu, ile inayoonekana pale mzee anapokuwa amekwishazikwa, arobaini imepita, na watoto wameanza kukusanya vitu vyake. Iko juu ya dari, imeviringishwa gunia, au iko uvunguni, imelazwa ndani ya kanga iliyochakaa. Mbao imekauka, chuma kimeshika kutu, na hakuna aliye hai anayejua ilitoka wapi. Hata hivyo kila mmoja ana jibu lake tayari: "Hii ni ya Mjerumani."

Nimeletewa barua na msikilizaji wa mitaa hii hii yetu ya Msimbazi, ambaye jina lake nalihifadhi. Nyumbani kwao imeonekana bunduki ya namna hiyo na sasa ndugu hawaelewani. Kaka mkubwa anataka ipelekwe Gerezani kwa mafundi, isuguliwe ing'are, kisha atafutwe mnunuzi. Mdogo wake anataka kwenda nayo shamba, Kisarawe, akaijaribu kama bado inalia. Mama yao anasema itupwe baharini usiku, yaishe. Msikilizaji anauliza, kati ya hao watatu, nani asikilizwe?

Jibu langu ni kwamba asisikilizwe hata mmoja, kwa sasa. Kaka mkubwa atapoteza thamani ya kitu chenyewe na pengine atapoteza uhuru wake. Mdogo anaweza kupoteza macho, au roho. Mama naye, pamoja na hekima yake ya kutaka amani nyumbani, atazamisha ushahidi ambao huenda ni wa historia ya nchi hii.

Tuanze na sheria, maana ndiyo iliyo karibu na mlango. Leseni ya bunduki si shamba la mnazi. Shamba hurithiwa, lakini leseni hufa na mwenyewe. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, inamtaka kila mwenye silaha awe na leseni kwa jina lake. Mwenye silaha akifariki, silaha hukabidhiwa polisi. Mrithi anayeitaka huanza maombi yake mwenyewe, na maombi hayo huanzia serikali ya mtaa ndipo yapande ngazi kwa ngazi. Kama mzee hakuwa na leseni kabisa, ndiyo sababu zaidi ya kutokaa nayo hata siku moja.

Nasisitiza namna ya kuikabidhi. Msiifunge gazeti mkapanda nayo daladala. Aende mtu mikono mitupu, Kituo cha Polisi Msimbazi au kituo kilicho karibu naye, ama amwone kwanza mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Aeleze kilichoonekana na mahali kilipo, polisi waje wenyewe kukichukua, na familia ipewe hati ya makabidhiano. Serikali imewahi kutoa msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari yao, kama ilivyokuwa Septemba na Oktoba mwaka 2022, lakini msamaha una siku ya kuanza na siku ya kwisha. Wakati mnawasubiri polisi, msiiguse. Bunduki ihesabiwe kuwa ina risasi mpaka anayejua athibitishe kuwa haina. Na kama kando yake kuna mkebe wa risasi za zamani, huo nao usiguswe.

Sasa mtaniuliza, kama mwisho wa yote ni polisi, kwa nini tujisumbue kujua ni bunduki gani? Kwa sababu familia isiyojua inachokabidhi haiwezi kuuliza maswali ya maana, na kwa sababu bunduki ya aina hii imeandikwa kama kitabu. Anayeisugua anafuta kurasa.

Bunduki tunayoizungumza si gobore. Gobore hushindiliwa baruti kwa mbele, mdomoni. Wala si ile ya marisau, ambayo nyingi hukunjuka katikati. Hii ni bunduki ya komeo. Tazameni komeo la chuma la mlango wa uani. Unainua kishikio, unavuta nyuma, mlango unafunguka. Unasukuma mbele, unalaza kishikio, mlango umefungwa. Bunduki hii ni hivyo hivyo. Mpigaji anainua kishikio na kuvuta, ganda lililotumika linaruka nje. Anasukuma, risasi mpya inapanda kutoka kwenye kasha la chini na kuingia chemba. Akilaza kishikio, meno ya komeo yananasa ndani ya chuma, na baruti inapolipuka nguvu yote inatoka mbele.

Fundi aliyeikamilisha kazi hiyo ni Paul Mauser wa mji wa Oberndorf, Ujerumani. Bunduki yake ya mwaka 1898 ilikuwa na meno mawili mbele ya komeo na la tatu nyuma kama akiba, kucha ndefu ya kulivuta ganda, na kasha la risasi tano. Ilikuwa imara kiasi kwamba hata Waingereza waliokuwa mahasimu wa Wajerumani walitumia mtambo wake. Kampuni ya John Rigby ya London ilipotoa bunduki yake mashuhuri ya kuwindia wanyama wakubwa mwaka 1911, ile ya .416, mtambo wake ulikuwa wa Mauser. Na ile risasi ambayo mwindaji wa tembo W. D. M. Bell alijulikana nayo huko Karamoja, Uganda, Waingereza wakiiita .275 Rigby, ni ile ile risasi ya Mauser ya milimita 7. Bidhaa moja, majina mawili, kama tuonavyo sokoni kila siku.

Kwa hiyo neno "ya Mjerumani" halitoshi. Na tukiifuata historia yetu, tutaona kwamba mara nyingi si la kweli.

Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels na kukubaliana, pamoja na mambo mengine, kuzuia bunduki za kisasa zisiingie mikononi mwa Waafrika. Ndiyo maana katika Vita vya Maji Maji, kuanzia mwaka 1905, wazee wetu walikuwa na mikuki na magobore mbele ya bunduki za kisasa na bombomu. Mwafrika wa wakati huo aliyeshika bunduki ya komeo, kwa kawaida alikuwa askari wa Mkoloni.

Ilipofika mwaka 1914, hata hao askari wa Mjerumani wengi wao walikuwa bado na Mauser ya zamani, ya mwaka 1871, ya milimita 11, iliyotumia baruti ya moshi. Kila akipiga, wingu jeupe linamwonyesha adui alipo. Bunduki mpya zilikuja kwa njia mbili. Kwanza ni ngawira. Katika mapigano ya Tanga, Novemba 1914, Waingereza walikimbilia melini wakaacha mamia ya bunduki na risasi zipatazo 600,000. Pili ni meli. Aprili 1915 meli ya Rubens ilipenya na kukwama katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Shehena yake ya silaha ikaopolewa, na risasi zilizolowa maji ya chumvi zikakaushwa na kusafishwa. Kisha Novemba 1917 jeshi la Lettow-Vorbeck likavuka Ruvuma, likawavamia Wareno huko Negomano na kuchukua bunduki zao.

Mwisho wake ni huu. Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, alikabidhi bunduki 1,071. Zote zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Bunduki ya kisasa ya Kijerumani haikuwamo hata moja. Jeshi la Mjerumani lilimaliza vita likiwa na bunduki za maadui zake!

Baada ya hapo zikaja nyingine. Waliokuwa Keya, yaani askari wa KAR, walibeba za Kiingereza za .303. Walowezi na wawindaji walileta za kwao. Idara za wanyamapori zilitumia sana .404 ya Jeffery kwa tembo waharibifu wa mashamba. Baadaye zikaja BRNO za Chekoslovakia, ambazo nazo mtambo wake ni mtoto wa Mauser. Basi mnaona, ndugu zangu, chuma kilichoko darini kinaweza kuwa cha makabila mengi.

Kinasomwaje? Kazi hii ifanywe na mwenye ujuzi, silaha ikiwa imehakikishwa haina kitu, familia ikitazama na kuandika. Mahali pa kwanza ni juu ya chemba, pale mtutu unapoingia kwenye mtambo. Mauser ya jeshi la Ujerumani ina taji, jina la kiwanda na mwaka, na ubavuni imeandikwa "Gew. 98". Ukikuta imeandikwa kiwanda cha Berlin na mwaka 1904, lakini juu yake pana taji na herufi za Mfalme Carlos wa Ureno, hiyo imefuliwa na Mjerumani ikabebwa na Mreno, na risasi yake ni ya milimita 6.5. Ile ya Kiingereza ya Lee-Enfield huandikwa kwenye pete ya chuma karibu na shingo ya kitako: taji, herufi za mfalme, kiwanda na mwaka. "ER" ni Mfalme Edward, aliyetawala mpaka 1910. "GR" ni George. Ya kiraia kwa kawaida ina jina la mtengenezaji kwenye mtutu wake.

Mahali pa pili ni namba. Namba iliyo kwenye mwili wa bunduki ilinganishwe na iliyo kwenye komeo. Zikitofautiana, komeo hilo lina asili nyingine, na hapo pana hatari. Meno ya kila komeo yalikalishwa kwa mwili wake. Komeo la kuazima laweza kuacha nafasi kati yake na tako la risasi, nafasi usiyoiona kwa macho, lakini ganda likapasukia hapo na moto ukamrudia mpigaji usoni.

Mahali pa tatu ni alama ndogo za majaribio. Ulaya bunduki haiuzwi mpaka ijaribiwe kwa baruti kali kuliko ya kawaida, kisha igongwe muhuri. London ina chama cha watengeneza bunduki chenye hati ya mwaka 1637, na nyumba ya majaribio ya Birmingham ilianzishwa mwaka 1813. Taji lenye herufi NP maana yake silaha ilijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Isiyo na muhuri huo inaweza kuwa ya enzi ya baruti nyeusi, ambayo nguvu yake ni ndogo kuliko ya risasi za kisasa.

Na hapa namrudia mdogo mtu mwenye hamu ya kwenda Kisarawe. Nitampa mfano mmoja tu. Risasi ya Mjerumani ya mwaka 1888 ilikuwa na unene wa milimita 8.08. Baadaye, kuanzia mwaka 1903, jeshi lilihamia risasi mpya ya milimita 8.22, nayo ikatambulishwa kwa herufi S. Tofauti ni sehemu kumi na nne za mia ya milimita, kama unene wa karatasi. Viwanda viliendelea kwa miaka mingi kuwatengenezea wawindaji bunduki zenye mtutu mwembamba wa kale. Risasi mbili hizo kwa macho ya kawaida ni pacha. Ile nene ikitiwa kwenye mtutu mwembamba, baruti inalipuka, risasi inabanwa, na nguvu inatafuta njia nyingine. Herufi moja, S, ndiyo iliyosimama kati ya kijana na kaburi. Sasa fikirini kaka yake awe ameipitisha msasa.

Niliwahi kumwuliza mzee mmoja fundi wa Gerezani, mtu ambaye mikono yake imefua majiko na masanduku tangu ujana wake, kama anapokea kazi ya bunduki. Alinitazama akatikisa kichwa. "Mwanangu," akasema, "jiko likinipasukia nimeungua kidole. Hicho kikipasuka, nani atawalea wajukuu zangu?" Mzee huyo hakusoma sheria, lakini aliisema. Kutengeneza silaha ni kazi ya fundi mwenye leseni ya kazi hiyo. Fundi wa mtaani anayekubali, anajiingiza yeye na mteja wake matatani. Tena silaha iliyofutwa namba haing'ari machoni pa polisi. Popote duniani hutiliwa shaka kwamba imefanyiwa uhalifu, na mwenye nayo atapata taabu kueleza kwamba alikuwa akitafuta urembo tu.

Je, haiwezi kukarabatiwa kabisa? Yaweza, kwa aliyepata kibali na kwa mkono wa fundi halali. Lakini kuikarabati maana yake ni kuizuia isizidi kufa, wala si kuifanya mpya. Kwanza hupigwa picha kila alama. Kisha hufunguliwa kwa bisibisi inayokaa sawasawa kwenye skrubu, maana skrubu iliyoharibiwa kichwa ni alama ya fundi mbovu. Kutu hulowekwa mafuta mepesi kwa siku kadhaa, kisha huondolewa taratibu kwa kipande cha shaba, ambacho ni laini kuliko chuma cha pua na hakiachi mikwaruzo. Msasa na mashine ya kusaga havikaribii.

Hata ule weusi unaokaribia bluu juu ya mtutu usidhaniwe kuwa uchafu. Kwa bunduki nyingi za zamani weusi huo ni kutu yenyewe iliyotulizwa. Fundi alikiacha chuma kishike kutu nyembamba, akakichemsha, wekundu ukageuka weusi, akasugua kidogo, akarudia tena na tena. Hiyo ndiyo ngozi ya bunduki. Ukiichubua ili ing'ae, umeialika kutu mpya, na kwa hewa yetu ya pwani yenye chumvi haitachelewa kuja.

Ndani ya mtutu pana adui mwingine. Fataki za risasi za zamani ziliacha chumvi kila zilipolipuka, na chumvi hiyo hunyonya unyevu kama chumvi ya jikoni siku za masika. Mafuta hayaiyeyushi. Inayeyushwa na maji ya moto, kisha mtutu hukaushwa kabisa ndipo upakwe mafuta. Askari wa zamani walilijua hilo. Mbao nayo, ambayo nyingi ni ya mjozi, haipigwi randa wala vanishi. Hufutwa vumbi na kupakwa mafuta ya kitani kidogo kidogo, ili mihuri na michoro iliyomo ibaki. Na ikishakarabatiwa isirudishwe kwenye gunia au mfuko wa ngozi, maana hivyo hushika unyevu. Wala kung'aa kwake kusimshawishi mtu kuifyatua. Bunduki yaweza kupendeza machoni na isifae kupigwa daima.

Kwa nini nasema habari nyingi hivi juu ya kipande cha chuma? Sisi wa hapa tunakaa juu ya historia hiyo kila siku. Jina Kariakoo latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Mwingereza waliokuwa na kambi hapa baada ya Dar es Salaam kutekwa mwaka 1916. Wapagazi hao walibeba vichwani masanduku ya risasi za bunduki hizo hizo, na makumi ya maelfu katika Afrika Mashariki walikufa, wengi kwa njaa na maradhi. Sanamu ya Askari pale mjini, iliyosimamishwa mwaka 1927, ni kumbukumbu yao pia, ingawa aliyechongwa pale juu ameshika bunduki, hakubeba mzigo. Wengi wao hawana kaburi lenye jina. Lakini chuma walichokibebea risasi kina jina, namba na mwaka. Tukifuta na hayo, tumebaki na nini?

Basi nimalizie kwa kumjibu msikilizaji wangu waziwazi. Itoeni bunduki mikononi mwenu kwa njia niliyoieleza. Waombeni polisi mnakili maandishi yote yaliyomo, na muwe na nakala yenu nyumbani. Mwulizeni mama na wazee waliobaki: babu alikuwa askari, mwindaji, au alimfanyia kazi mzungu wa mashamba? Aliipata mwaka gani? Yaandikeni maneno yao kabla hawajaondoka nao. Baada ya hapo mna njia tatu. Mmoja wenu aombe leseni kwa jina lake. Au iuzwe kihalali, kupitia wanaoruhusiwa, kwa mtu mwenye kibali. Au, ikionekana ina historia, muwaulize Makumbusho ya Taifa kama wanaihitaji, pamoja na yale mliyoandika. Mkiamua iteketezwe, ni haki yenu, lakini iteketezwe baada ya kusomwa.

Kaka mkubwa atasema njia hizo ni ndefu. Ni kweli ni ndefu. Msasa ni wa dakika kumi tu, lakini alichokifuta hakirudi.

Hadi juma lijalo, panapo majaliwa, kwaherini.